Jina la Kwanza Katika Orodha ya Biliadi

Bomani, Singida
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Yohana,

Nakusalimu kwa amani, na natumaini homa imekwisha. Uliandika kwamba goti lako limevimba tangu mavuno. Je, umelipeleka zahanati, au bado unalikanda kwa majani ya jirani? Nijibu swali hili kwanza. Mimi ni mzima, ila upepo wa hapa umenikausha midomo, na maji ya kisima yana chumvi.

Umeuliza pia, kwa maneno makali kidogo, ni kazi gani ya serikali iliyonizuia kuja Korogwe wakati wa Pasaka. Nitakujibu kweli. Ni biliadi.

Ni ule mchezo wa kusukuma mipira kwa fimbo, juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, mpaka itumbukie katika matundu ya kando. Huku ziko meza tatu: moja katika klabu yetu ya makarani hapa mjini, moja katika duka la Shelui, na moja Mkiwa. Dodoma waliomba mchezaji mmoja aliye bora kuliko wote, akashindane na watu wa reli. Mara Shelui wakasema bingwa ni wao, na Mkiwa wakasema ni wao. Bwana Shauri, mkuu wa boma letu, akaniagiza, mimi karani wake, nizifanye meza zote ziwe sawa, kisha niwapange wachezaji kuanzia wa kwanza hadi wa kumi na mbili.

Mama Yohana, nimefundisha watoto sarufi miaka mingi, lakini sijapata kuona watu wagumu kusahihishwa kama hawa. Meza ya Shelui ilikuwa na matundu mapana kama bakuli za uji. Ya Mkiwa iliinama upande mmoja, na wenyeji walijua upande gani, mgeni hakujua. Mpira mmoja ulipotea, wakachonga mwingine wa mninga. Mtu mmoja alicheza kwa fimbo yake ya kuchungia ng'ombe, na nilipoikataa aliniuliza kama ng'ombe wamelalamika.

Nilizunguka na Fundi Msengi, seremala wetu, tukipima kila kitu. Alipunguza matundu, akasawazisha miguu ya meza, akakata fimbo zote urefu mmoja. Mwenye duka wa Shelui alinung'unika kwamba meza yake haijapata kuugua, sasa imeletewa mganga wa nini.

Kisha tukacheza hapa mjini, kila mtu na kila mwenzake. Mchezaji wa kumi na mbili aliugua, nami nikaingia mahali pake ili idadi itimie. Matokeo yakawa haya: niliwashinda wote kumi na mmoja. Niliandika jina langu juu ya orodha, nikatia sahihi, na Bwana Shauri akanipa mkono. Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi.

Alhamisi alasiri nilikwenda klabu kuibandika orodha hiyo. Ramadhani, dereva wa lori la boma, niliyemwandika wa pili, alikuwa akicheza na Fundi Msengi, amenipa mgongo. Aliingiza mipira mitano mfululizo bila hata kuinama vizuri. Siku aliyocheza nami alikosa mpira uliokuwa mdomoni mwa tundu, akasingizia chaki. Na chaki hiyo niliinunua mimi, sanduku moja kwa wote.

Nilimwita. Aligeuka, akaweka fimbo chini, akaniamkia kwa heshima.

"Ramadhani, ulishindwa nami kwa makusudi?"

Fundi akamjibia, "Mwalimu, tulidhani unajua."

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi sote. Yule wa Mkiwa nusura akushinde kwa bahati mbaya, tukamkanya."

Nilikasirika, Mama Yohana, kama sijakasirika tangu nilipoacha ualimu. Niliwauliza kama mtu wa reli naye atanistahi kwa sababu ya mvi zangu. Niliwaambia kwamba wamenifanya nitie sahihi chini ya uongo, jambo ambalo sijalifanya maishani. Nikamwamuru Ramadhani acheze nami pale pale, kwa uwezo wake wote. Alikataa.

"Mzee, nikikushinda mbele ya watu, kesho nitakuamkia kwa uso gani?"

Nikamwambia Fundi atoke na kufunga mlango. Tukacheza wawili tu. Sikuwahi kuingiza hata mpira wa tatu. Alipomaliza hakunitazama. Alisema, "Nisamehe, baba," akatoka.

Ijumaa nilimweleza Bwana Shauri ukweli, nikafuta jina langu, nikaandika la Ramadhani juu. Yeye alicheka. Mimi sikuona la kuchekesha, kwa maana siku hiyo hiyo Ramadhani aliniona barabarani akavuka upande wa pili. Jana sokoni alijificha nyuma ya wauza kuku. Na leo Fundi ameniambia kwamba kijana hataki kwenda Dodoma, kwa kuwa safari hiyo ameipata kwa kumwaibisha mzee. Lori la kwenda Dodoma linaondoka kesho asubuhi.

Msalimie mwanetu Yohana, na umwambie mwandiko wake umeharibika tangu aajiriwe kule mkongeni. Msalimie dada yako anayekusaidia kisimani, na shemeji yangu mgonga kengele wa kanisa. Mama yangu mzazi umpe shikamoo yangu kabla hujamsomea lolote.

Naweka kalamu chini sasa, maana nakwenda nyumbani kwa Ramadhani. Sijapata kumtangulia kijana kwa salamu, lakini leo nitapiga hodi mimi. Nitamwambia mbele ya mkewe kwamba alinishinda kwa haki, na kwamba namwagiza, mimi mzee wake, aende Dodoma akawashinde wote, hata wenye mvi.

Ndimi mumeo,
Petro, Baba Yohana