Mjomba Anastaafu na Mikanda Yake Haifunguki

Mpendwa mshauri, kabla hujaendelea kusoma nakuomba kwa heshima zote kila neno la barua hii liwe siri, na ukiona lazima uichape basi ondoa jina langu na la hospitali, maana habari hizi zikifika kazini kabla sijajua la kufanya nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyenishika mkono hadi nikapata kazi.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa. Kumbukumbu zote ziko kwenye hifadhidata, ndani ya diski ya kompyuta moja kubwa, na kila jioni nakala yake huhamishiwa kwenye mkanda wa sumaku unaofungiwa kabatini, ili diski ikifa tuweze kurudisha kila kitu. Kazi hiyo ni ya mjomba wangu, kaka yake mama, wauguzi wanamwita Bwana Mikanda, naye anastaafu mwisho wa mwezi na mimi ndiye nitakayeshika nafasi yake.

Basi nikasema ngoja nijifunze mapema, nikachukua mkanda mmoja saa ya chakula nikaujaribu kwenye kompyuta ya akiba, nakala ikaingia lakini hifadhidata ikagoma kufunguka, wa pili vilevile, wa tatu ukafunguka nusu na dawa za mgonjwa mmoja zimekaa chini ya jina la mwingine. Nilipochunguza nikaelewa. Zamani hifadhidata ilikuwa inafungwa kwanza ndipo inanakiliwa, lakini wauguzi wa zamu ya jioni walilalamika kwamba wanakwama na wagonjwa mbele yao, mjomba akawaonea huruma akaacha kuifunga, na tangu hapo inanakiliwa huku watu wanaendelea kuandika, ni kama kumpiga picha mtoto anayekimbia, sura haitoki.

Nilimuuliza kwa kuzunguka, "Mjomba, umewahi kurudisha kitu kutoka kwenye mikanda hii?"

Akacheka. "Kurudisha nini, mwanangu? Kwani mimi nimewahi kupoteza kitu? Shule imekujaza wasiwasi wewe."

Ningekaa kimya, mshauri, ila mkuu wetu ameagiza kwamba siku ya kumuaga mjomba diski ifutwe yote ili mfumo mpya uwekwe, halafu kumbukumbu zirudishwe kutoka kwenye mkanda wa mjomba, mbele ya wageni, kama heshima kwake. Na humo mna wagonjwa ambao sindano moja ya dawa isiyowafaa itawaua, na onyo lao limeandikwa humo tu.

Nimefikiria kubaki jioni moja, niifunge hifadhidata kimyakimya, nitoe nakala nzuri, niweke mkanda wangu mahali pa ule wa kwake, apigiwe makofi, astaafu, na mama asijue kamwe. Je, nitakuwa nimekosea?

Tafadhali usinipigie kazini, simu ile anapokea mjomba. Tuma ujumbe kwenye namba niliyoandika ndani ya bahasha, useme nguo yangu imeshashonwa, nami nitanunua gazeti.

Karani mwenye hofu

MSHAURI ANAJIBU

Karani, vuta pumzi. Diski bado ni nzima, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Nimemuuliza fundi ninayemwamini, bila kukutaja, akasema umeona sawasawa.

Lakini huo mkanda wa siri, usithubutu! Unataka kufunga kumbukumbu za hospitali nzima bila idhini, peke yako, na hofu yote hiyo? Ukikosea, nani atajua? Na ukipatia, watu wataendelea kuiamini njia ileile mbovu. Halafu nani kakwambia mjomba wako ni yai? Mtu aliyebadilisha kazi yake kwa sababu wagonjwa walikuwa wanasubiri, unadhani atakubali wagonjwa haohao wadhurike ili yeye apigiwe makofi? Unamdharau, na hujui kama unamdharau.

Kesho asubuhi mwambie hivi: "Mjomba, unaondoka na hujanifundisha kurudisha. Nionyeshe kwenye kompyuta ya akiba." Mkanda achague yeye, auweke yeye, wewe kaa pembeni. Ukigoma kufunguka, nyamaza. Msogezee kiti. Akishatulia mweleze kwamba ulishajaribu, usimwache agundue baadaye kwa watu. Kisha nendeni wawili kwa mkuu, na aanze kusema yeye.

Ombeni diski isiguswe. Hifadhidata ifungwe kwa idhini, wauguzi waandike kwenye karatasi kwa muda huo, nakala moja iende kwenye diski nyingine na moja kwenye mkanda. Halafu zote mbili zirudishwe kwenye kompyuta ya akiba, na muuguzi anayewajua wagonjwa akae afungue majina mpaka aridhike. Usikubali kuambiwa "imeingia" tu. Mfumo mpya uwekwe kwenye diski mpya, ile ya zamani ikafungiwe kabatini.

Mjomba akikataa, nenda kwa mkuu peke yako siku hiyohiyo. Atakununia, na mama atakupigia simu kwa ukali. Pokea, msikilize hadi amalize, mwambie unampenda, na usibadilishe neno.

Mkuu akilalamika kwamba wageni wameshaalikwa, mwambie waje. Wale chakula, wacheke, mjomba apewe zawadi yake na hotuba zote zisomwe. Kitakachosubiri ni kufuta tu.