Kiti cha Wageni

Kumasi, Jumapili

Serwaa mdogo wangu kipenzi,

Ndoa ni tamu jamani. Kila asubuhi Kwabena ananikaangia ndizi mwenyewe, nami namtazama tu.

Ila mama yake mkubwa, Mama Akyaa, amenichosha. Ijumaa amelikata jina lako kwenye ufadhili wa chuo unaotolewa na mfuko wa ukoo wao kwa wanafunzi wasio wa ukoo. "Ndugu zetu hawapewi," ananiambia, "nawe sasa ni wetu, na mdogo wako pia."

Eti mimi ni wa kwao? Wiki iliyopita tu, msibani kwa mjomba wao, nilitaka kukaa na wafiwa. Akanishika mkono mbele ya wazee: "Bibi harusi, usijisahau. Mke si wa ukoo. Hata watoto utakaozaa ni wa kwenu, maana ukoo hufuata mama. Kaa kule mlangoni, kwa wageni."

Nilipomkumbusha Kwabena, alicheka mpaka ndizi zikaungua. Jumatano kamati ya mfuko inakutana, na wazee wale wale watakuwepo. Atamwomba mama yake mkubwa ayarudie maneno yake ya msibani, neno kwa neno.

Nami nitakuwa palepale mlangoni, kwenye kiti cha wageni, nimetulia. Wewe anza kufungasha vitabu.

Dada yako mwenye mume wake,
Pokuaa