Leo Nilikuwa Breki

Gisenyi, Alhamisi, 1999

Mvua imenyesha tangu asubuhi na volkano haikuonekana kabisa. Viatu vyangu bado vimelowa, lakini nina furaha, nami nataka kuiandika kabla haijapoa.

Klabu yetu ya ufundi shuleni inatengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao ambayo watu wa Goma hubebea mizigo, ili tuteremshe maji kutoka chemchemi ya mlimani hadi jikoni. Tuligawana kazi. Bosco, atakayeiendesha kesho, alichonga ubao wa mizigo. Espérance alitengeneza usukani na magurudumu. Mimi nilipewa breki: kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa kisigino.

Kila mmoja alitengeneza chake vizuri sana, peke yake.

Jana tulipounganisha, niliona Bosco amerefusha ubao ili bidoni sita, yale madumu ya maji, zienee, na ubao umeifunika breki yangu. Mteremko ule ni mkali. Nilitaka kusema.

Sikusema. Bosco ana sauti. Mimi nina vitabu.

Leo kabla hatujaanza kubishana kama kawaida yetu, Espérance akapiga makofi. Yeye amekulia Goma, na mambo mazito huyafanya mchezo.

"Bon! Leo hakuna mutu hapa. Sisi wote tuko vipande vya chukudu. We Bosco, we ni ubao. Sema, unasikia aje?"

Bosco alicheka hadi akakaa chini. "Mi ni ubao, niko na njaa ya bidoni!"

"Na mi ni gurudumu," akajibu Espérance. "We ubao umenenepa sana, unanivunja mugongo!"

Ikafika zamu yangu. Ajabu, sikuogopa. Aliyesema hakuwa mimi.

"Mi ni breki. Ubao umenilalia. Mguu haunifikii."

Bosco akapanda, akanyoosha mguu nyuma. Kisigino kikagonga mbao tupu. Akanigeukia taratibu.

"Eh, breki! Ungeniua na huo ukimya wako."

Tukaukata ubao. Bidoni zikabaki nne, na gurudumu likaacha kulia. Kumbe hata usukani, tuliokuwa tukiulaumu tangu tulipoisukuma jana na bidoni sita, ulikuwa mzito kwa sababu ya mzigo. Jioni Bosco aliteremka na chukudu nyuma ya madarasa, bidoni zimejaa, akasimama pale pale alipotaka.

Ninamstaajabia Espérance. Hakujua kosa liko wapi, wala hakujifanya anajua. Alitufanya kila mmoja ahisi uzito wa mwenzake, na jibu likatoka lenyewe. Likatoka kinywani mwangu!

Kesho tunapanda mlimani. Nikiona kitu, je, nitaweza kukisema nikiwa mimi tu, bila kuwa breki?