Pikipiki Iliyodhani Imeanguka

Baba Furaha, uliye Buffalo,

Jana Jumamosi pikipiki yako ilikataa kuwaka. Nakuandikia kwa sababu simu yako nayo iko vilevile: inaita, inaita, halafu basi.

Furaha hajambo. Meno mawili ya mbele yameng'oka, anacheka kama bibi yake. Mimi nimechoka lakini nasimama. Yule dada Mkongo aliyekuwa akinipa lifti mpaka kazini, kule ghalani Jeffersontown, amehama, na basi la mji linaniacha mbali na geti. Msimamizi ameshaniambia nikichelewa tena nisirudi. Kwa hiyo kesho Jumatatu lazima nijipeleke. Leseni ninayo, tulifanya mtihani pamoja, na mwalimu akasema mimi ndiye ninayekata kona vizuri. Ulinuna mpaka jioni.

Nikaondoa turubai ulilolifunikia pikipiki kabla ya baridi. Nikafungua swichi, nikabonyeza stata. Ikakohoa mara moja, ikazima. Nikaitikisa, nikasikia mafuta yanacheza chini kabisa ya tangi. Unajua nilifanya nini? Niliilaza.

Si wewe ulinifundisha? Unakumbuka ile pikipiki ya kuazima, tukitoka Makere kurudi kambini kwetu wakimbizi, hatujaoana bado? Mafuta yaliisha katikati ya njia. Ukailaza ubavu ili matone yaliyobaki yahamie upande wa koki, ukafungua kifuniko, ukapuliza tangi kwa mdomo, mashavu yamevimba. "Ishikilie, mtoto wa watu, isitutie aibu!" Ikawaka. Njia nzima ulinisemesha umegeuza uso pembeni, unaona haya kwa harufu ya petroli mdomoni. Siku ile nilijua nitakubali, na wewe hata ulikuwa hujauliza.

Basi jana nikailaza kwenye majani mbele ya nyumba, nikaiinua kwa nguvu zangu zote, mgongo ukalia. Nikabonyeza. Stata inapiga vizuri kabisa, nye-nye-nye, lakini moto hakuna. Furaha alikuwa amekaa kwenye ngazi, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nisiisumbue, imelala. Nikaomba mafuta kwa Mama Bahati wa mlango wa pili, ana kidumu cha petroli ya mashine ya kukata majani. Nikajaza. Nye-nye-nye. Nikaangalia kile kitufe chekundu cha kuzimia, kiko sawa. Nikachanganyikiwa. Mafuta yapo, betri ipo, inazunguka, sasa inataka nini?

Nikampigia mdogo wako Desi, kule Columbus.

"Shemeji! Inapiga stata?"

"Inapiga."

"Inawaka?"

"Ingekuwa inawaka ningekutafuta wewe?"

Akacheka. Akaniambia nisishikilie stata muda mrefu, nitaua betri. Akauliza kama inanuka petroli. Nikamwambia hainuki kabisa.

"Basi mafuta hayafiki kwenye injini. Ukifungua swichi, unasikia pampu inalia, ziii?"

"Swichi sijaifunga tangu nilipoanza, nitasikiaje?"

"Shemeji, niambie ukweli. Uliilaza?"

"Kidogo tu."

Hapo alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Shemeji, hii si ya kambini! Hii haina koki. Ina kidude ndani, ukiilaza kinadhani imeanguka na mtu, kinakata mafuta isije ikaungua. Hata ukiisimamisha hakiamini. Funga swichi, hesabu taratibu, fungua tena."

Kabla sijafunga swichi nikamuuliza, "Kaka yako yukoje?"

"Yupo, anafanya kazi. Tuliongea juzi."

"Ananiuliza?"

"Anauliza kama turubai halijapasuka."

Sikujua nicheke au nilie. Turubai, Baba Furaha? Uliondoka ukisema unatangulia, Buffalo nyumba ni rahisi, baridi ikiisha utakuja kutuchukua. Baridi imeisha. Watu wamevaa viatu vya wazi. Una simu ya kuongea na Desi, unakosa ya kuongea na mimi, halafu unauliza turubai. Nimelala nikiligeuza hili neno na bado silielewi. Labda ndivyo unavyotuuliza hali. Labda unauliza pikipiki tu.

Nikafunga swichi. Nikafungua. Ziii, pampu ikalia. Nikabonyeza, ikawaka mara hiyo hiyo. Furaha akaruka ngazi zote akipiga makofi, na mimi nikasimama pale nimekasirika. Pikipiki inanguruma, nami nina hasira nayo! Nadhani ndani yangu nilitaka ikatae kabisa, nipate cha kukuambia: njoo, tumeshindwa. Sasa sina hicho cha kukuambia.

Kwa hiyo nakuuliza tu. Umeanguka huko? Kazi imekushinda, unaona haya kusema? Kama umeanguka, niambie, sitakucheka, nitakuinua kama nilivyoinua lile lichuma lako. Kama hukuanguka, umejilaza tu upande ule na kutukatia sauti yako, basi simama. Mimi siwezi kuendelea kubonyeza peke yangu. Nilikupenda na petroli mdomoni, siwezi kushindwa kukupenda na habari mbaya. Ninachoshindwa ni kutojua.

Kesho namwacha Furaha kwa Mama Bahati, naondoka na pikipiki mapema, nifike getini kabla ya wenzangu. Na siku nyingine pia. Usimwambie Desi aje kuichukua.

Turubai halijapasuka. Nimelikunja, nimeliweka ndani. Pikipiki siifuniki tena.

Ni mimi mkeo,
Mama Furaha