Sufuria Iliyofunikwa Ingali Moto

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumatatu, 9 Juni

Mpendwa mwanangu,

Wengi hawaiharibu supu ya mifupa ya kuku wakati wa kuipika. Huiharibu baada ya kuzima moto, wanapoifunika ingali moto na kwenda zao kulala.

Najua si adabu kuanza barua hivi. Basi pokea salamu: u mzima? Kazi haikuchoshi mno? Na mama yako, mdogo wangu, tumbo limetulia? Sisi hatujambo, ila mimi tangu asubuhi sijatia kitu kinywani, na sababu utaisikia sasa hivi.

Jana tulikula kuku wa kuoka, jamaa wote. Tulipomaliza, mkwe wangu, huyu tunayemwita Bwana Usitupe, alipita akikusanya mifupa kwenye sahani za wageni. Si ile iliyobaki kwenye sinia, la! Mifupa iliyokwisha kung'atwa, yenye alama za meno, na magegedu ambayo watu waliyatafuna yakawashinda wakayatema. Yote sufuriani. Ilipochemka akaifunika, akaizungushia taulo eti isipoteze joto, akaiacha juu ya jiko mpaka leo.

Asubuhi nilifunua mimi. Harufu chachu ilinipiga usoni, kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Mapovu yalikuwa yakipanda yenyewe, na moto ulizimwa tangu jana. Nilipotia mwiko, ukatoka na ute unaovutika kama kamasi. Katikati ya mafuta kilielea kijiti cha kuchokolea meno. Nilikimbilia dirishani kutafuta hewa.

"Mama, si tunaichemsha tena tu?" akasema mkwe wangu. "Moto haubakizi kitu."

"Ichemshe unywe wewe, baba. Nikuone ukimaliza bakuli."

"Aanze mwenye kijiti chake!" binti yangu akadakia.

Walicheka, wakaenda kuimwaga. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikukumbuka wewe. Si uliniambia kwenye simu kwamba nawe unachemsha mifupa ya kuku wa kuoka, sufuria inakaa jikoni, na kila jioni unaipasha umpe mama kikombe apate nguvu baada ya upasuaji? Kisha ukaniambia anaharisha, anazidi kudhoofu, na daktari haoni sababu. Mwanangu, naogopa mambo hayo mawili ni jambo moja.

Nikueleze taratibu. Kuna vijidudu visivyokufa kwa kuchemka. Hujikunyata ndani ya ganda na kungoja. Supu ikiwa vuguvugu, vinaamka na kuzaana kwa raha zao. Vingine huacha sumu ambayo hata ukichemsha tena haiondoki. Na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa vuguvugu kwa saa nyingi sana. Hapo ndipo ugonjwa unapopikwa, si jikoni mwa mtu mchafu. Wewe si mchafu, nakujua.

Supu yenyewe ni nzuri, usiiache. Chukua mifupa isiyoguswa na mdomo wa mtu, mara tu unapomaliza kumkata kuku. Tia maji baridi yaifunike, na kitunguu na karoti, ichemke polepole huku ukiengua povu. Ikiiva, ichuje, igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, uvisimamishe ndani ya beseni la maji baridi ipoe upesi, kisha uiweke kwenye friji. Ya kunywa kesho na keshokutwa ikae hapo, inayozidi igandishe. Ukitaka kupasha, pasha kile kikombe kimoja tu, kitokote hasa.

Na daktari mwambie habari ya supu hiyo, usione haya. Hawezi kukisia usichomwambia.

Msalimie mumeo na watoto. Mama yako mwambie dada yake anamtaka anenepe, amkute ana mashavu. Binti yangu anakusalimu, na Bwana Usitupe naye, ingawa amenuna tangu supu yake ilipomwagwa. Mungu amrudishie mgonjwa wetu nguvu, nawe akupe mikono isiyochoka kumuuguza.

Sasa weka barua hii chini, uende jikoni. Sufuria iliyo juu ya jiko usiionje, usiipashe: imwage leo, kabla mama hajaomba kikombe.

Ni mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
Mama Mkubwa