Pua ya Shemeji Deo

Jumatano, mwezi wa tatu, Ifakara. Mvua tangu alfajiri. Haina kelele, ni ile inayonyesha tu bila haraka, kama mtu asiye na pa kwenda.

Leo sijisikii vibaya. Sijisikii vizuri pia. Nimekunywa chai na sikumbuki kama ilikuwa na sukari. Watu wa ofisini wamenisalimu, nimeitikia, wamecheka, nimecheka. Muda wote ilikuwa kama namtazama mtu mwingine akifanya kazi zangu.

Niko hivi tangu wiki iliyopita, siku nilipotumwa Mofu, kijiji cha ukingoni mwa mto chenye pampu yetu.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa hakinipi utaratibu.

Mradi wetu wa mpunga huvuta maji kutoka mto Kilombero kwa pampu. Bomba lina mdomo chini ya maji, mdomo una wavu wa chuma, na wavu huziba: matope, majani, mizizi ya matete. Ukiziba, vitalu vya miche vinakauka na wakulima wanakuja kutukalia ofisini. Wafadhili waliojenga mradi walipoondoka walituachia mitungi ya hewa, mashine ya kuijaza, na kifaa kimoja cha kupumulia. Kwenye katalogi kinaitwa regyuleta. Sehemu yake moja hufungwa juu ya mtungi ili kupunguza nguvu ya hewa, nyingine mzamiaji huing'ata mdomoni. Sisi sote tunakiita pua.

Mzamiaji ni mmoja tu, Deo, mume wa dada yangu Mage. Wafadhili ndio waliomfundisha.

Wiki iliyopita, kabla mvua haijakolea, wavu uliziba. Mimi nilikuwa nimekwenda huko kupokea mifuko ya mbegu. Kabla Deo hajaingia majini, watu wa ukingoni hupiga madebe matupu na kuchapa maji kwa fito ndefu ili mamba na viboko wasogee mbali. Wanafanya hivyo kwa mzaha, wanaimba, wanamtania.

"Deo, ukimkuta mamba mwambie bado tunamdai mbuzi wetu!"

"Nitamwambia awafuate nyumbani," akajibu, maji yakiwa kiunoni, "wake zenu wapumzike kidogo."

Akaing'ata pua, akazama. Kamba aliyofungwa kiunoni ikaenda naye.

Kisha kamba ikacheza vibaya. Haukuwa mvuto mmoja wa kusema niko salama, wala miwili ya kusema nipandisheni. Ilitikisika tu, kama inavyotikisika ndoano. Wakamvuta. Alitoka akiwa ameitema pua, anatapika maji ya matope, macho yamemtoka. Alipopata sauti alisema, "Leo nimekaribishwa uji wa mto." Watu wakacheka sana, cheko la watu walioogopa.

Mimi sikucheka. Nilisimama na kalamu mkononi. Nadhani bado nimesimama pale.

Jioni ile alinishika bega. "Shemeji, dada yako asijue." Sijamwambia. Mage ni mjamzito. Juzi alinipakulia wali akaniuliza mbona nimekonda, nikasema malaria.

Jumatatu Meneja aliniita. Alikuwa amepata fungu la kununua pua moja mpya. Akanisukumia katalogi mbili za Kiingereza. "Wewe ndiye msomi wetu, Festo. Chagua, andika pendekezo, tia sahihi." Nilisoma fizikia hadi kidato cha sita. Tangu nianze ukarani hakuna aliyewahi kuitaka fizikia yangu.

Zinazotufaa ni mbili. Ya kwanza ni nyepesi ya kuelewa: ndani ina pistoni na springi, vipande vichache, na vipuri vyake vya sevisi ni vya bei ndogo. Tatizo ni kwamba springi hiyo inaguswa na maji ya nje. Kwa maji meupe si neno. Kilombero si maji meupe. Kila Deo akizama, tope laini litaingia na kukaa, na sevisi ya kila mwaka itakuwa sevisi ya kila baada ya miezi michache. Ya pili ni ghali. Ina kiwambo cha mpira kinachozuia maji yasifike ndani, lakini vipande vyake ni vingi, na kifurushi cha vipuri cha kila mwaka nacho ni ghali. Zote mbili zinataka fundi aliyesomea, na fundi huyo yuko Dar es Salaam. Maana yake ni kuipakia kwenye treni, kusubiri, kwenda posta kupiga simu, kusubiri tena.

Nilichora mistari miwili kwenye karatasi, gharama kwenda juu, miaka kwenda kulia. Mstari wa pua rahisi unaanza chini, unapanda, unaukuta ule wa ghali, kisha unaupita. Ni kazi safi. Mwalimu wangu angeifurahia. Niliitazama nikasubiri kuhisi kitu.

Hakikuja kitu.

Halafu nikafika ukurasa wa matunzo.

Pua ya zamani haijawahi kwenda Dar tangu wafadhili waondoke. Imekuwa ikifanyiwa sevisi na Baba Kasian, fundi wetu wa pampu, mtu mwema anayetengeneza kila kitu hapa, hadi redio ya Meneja. Huku kwetu, kitu kinachoingia majini kinapakwa grisi. Beringi, mnyororo, boliti za bomba, vyote. Naye akaipaka pua grisi ileile ya beringi, tena kwa ukarimu. Ukurasa unasema grisi ya namna hiyo huvimbisha mpira wa ndani na kuulainisha hadi unakatika. Inayotakiwa ni grisi nyingine kabisa, ya silikoni. Kijitabu kilichokuja na pua tunacho kabatini, lakini kimeandikwa kwa lugha ya wafadhili, na lugha yao si Kiingereza.

Leo baada ya chakula nilikwenda karakana na katalogi chini ya shati, isilowe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, karani. Umeniletea mshahara au umeniletea maneno?"

Nikamtafsiria ukurasa. Hakunikatiza. Alifuta mikono kwa tambara, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Kisha akaishusha pua kutoka rafuni, akaifungua, akaubonyeza mpira kwa ukucha. Ukucha ukazama kama kwenye ndizi iliyoiva sana.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemnywesha Deo maji."

"Hapana, Baba. Hakuna aliyekuambia."

"Sikuuliza kama niliambiwa."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye ndoo mlangoni na wote wawili tukawa tunaitazama ndoo.

Yeye ndiye aliyesema tena. "Mwanangu, Meneja ameshanieleza mpango. Itanunuliwa ya bei nafuu, sevisi nitaifanya mimi hapahapa. Ndiyo maana imekuwa nafuu. Na hii hapa niikaze, Jumamosi Deo azame nayo autoe wavu kabla mto haujajaa."

"Utaikaza?"

"Mimi ni fundi, karani. Nikiambiwa na mkubwa kaza, nakaza. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Nikarudi ofisini nikapiga chapa pendekezo. Niliandika tununue ile yenye kiwambo. Nikaandika kwamba ipelekwe Dar kila masika, wakati mto unafurika wenyewe hadi mashambani na pampu zimepumzika, ili isikosekane wakati wa kazi. Nikaandika kwamba mtu yeyote wa hapa asiifungue, hata kama ni fundi mzuri. Na kwamba pua ikiwa safarini, au ikiwa mbovu, hakuna mtu kuzama.

Lile wazo la masika lilinijia lenyewe katikati ya sentensi. Nalipenda. Nimeona gharama ya kusubiri, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na haipo kwenye katalogi yoyote, ikipungua hadi karibu na sifuri.

Meneja alilisoma akiwa amesimama.

"Festo, hii ni pua au ni mahari?"

Nikatabasamu. Uso wangu hufanya hivyo wenyewe mbele ya wakubwa.

"Watu watasema nini? Karani kachagua kitu cha ghali, na anayekivaa ni shemeji yake. Umelifikiria hilo?"

"Ndiyo, mzee."

Sikuwa nimelifikiria. Nilisema ndiyo kwa sababu ndiyo hutoka haraka.

"Haya. Kaandike ile nyingine. Kesho asubuhi niikute mezani." Akanirudishia karatasi. Alipofika mlangoni akageuka, kwa upole kabisa: "Wewe bado uko kwenye majaribio ya kazi, kijana. Usijiharibie."

Ndiyo, mzee.

Kazi inapunguzwa kila mahali. Baba yangu alipunguzwa kule kwenye miwa, akarudi na sanduku na baiskeli, na tangu wakati huo mshahara wangu ndio unaoingia jikoni kwao. Nikiandika ile nyingine, hakuna atakayenilaumu. Sahihi itakuwa yangu, lakini mpango utakuwa wa mkubwa. Na huenda Deo asipatwe na lolote. Watu wengi hawapatwi na lolote. Nilitembea hadi Katindiuka, ninakokaa jirani na kina Mage, nikiyarudia haya, na yalikuwa na mantiki, na sikuhisi miguu.

Deo alinikuta njiani, baiskeli kaikokota kwa sababu ya tope.

"Shemeji msomi! Pua yangu umeshaichagua?"

"Nimechagua. Ina kiwambo."

"Mimi kiwambo sikijui. Itanirudisha juu?"

"Hiyo ndiyo. Lakini bado haijakubaliwa."

"Sawa. Jumamosi nitapiga mbizi na ile ya zamani, Baba Kasian anaikaza."

Nikasema, "Usizame."

Sauti ilitoka ndogo. Nilidhani hakusikia, kwa mvua. Lakini alisimama. Akaacha kucheka, jambo ambalo Deo halifanyi mara nyingi, akanitazama kama alivyonitazama siku alipokuja kwetu kuposa.

"Unaniambia wewe, au inaniambia ofisi?"

Nikamweleza kuhusu mpira. Nikamweleza kuhusu ukucha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Lakini hujanijibu. Ukiniambia wewe, nikikataa kuzama mimi ni mwoga na kazi sina. Ikiniambia ofisi, nitakaa nyumbani na dada yako na nitashukuru Mungu. Mimi nina mtoto anakuja, Festo. Siwezi kukataa kwa maneno ya barabarani."

Akapanda baiskeli, akateleza, akashuka tena, akaenda.

Nimekaa hapa tangu wakati huo na karatasi mbili mbele yangu, ile niliyoandika na ile tupu ninayotakiwa kuiandika. Mage amepita dirishani kuniita chakula, nikasema nakuja. Nimejaribu kuanza ile tupu. Nimeandika kichwa cha habari. Nimeandika "napendekeza". Baada ya hapo mkono haukwenda, na sikuulazimisha.

Ofisi ni nani? Meneja hajasoma katalogi na hataisoma. Baba Kasian atakaza akiambiwa akaze. Deo atazama akiambiwa azame. Anayejua mpira umeoza, anayeweza kuliandika hilo kwa lugha ya ofisi, kwa tarehe na sahihi, ni mtu mmoja, na huyo yuko kwenye majaribio.

Nitapeleka karatasi ileile. Nitaongeza sentensi moja tu: pua iliyopo ni mbovu, imekaguliwa leo karakana, kwa hiyo hakuna kuzama Jumamosi. Nakala kwa fundi. Nakala kwa mzamiaji. Nakala ya Deo nitampa mkononi kabla sijaingia kwa Meneja, maana nikiingia kwanza kule najua kitakachotoka kinywani mwangu.

Nimeshaitia sahihi. Sahihi imepinda. Naogopa sana. Naogopa hadi nasikia moyo masikioni.

Afadhali kuhisi kitu. Niende nikale.