Mstari wa Juu Nilioufuta

S.L.P. 214,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba zamu za wodini hazikuchoshi kupita kiasi. Je, kile kifua kimepona? Sisi tunaendelea. Goti langu linauma ninapopanda ngazi. Mama yako mkubwa bado anashona, ingawa siku hizi mimi ndiye ninayemtungia uzi sindanoni.

Uliniuliza juu ya kazi ya mwisho ya kaka yako. Imetimia miezi saba tangu tumzike, nami nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu lenyewe ni zito.

Kazi hiyo ni kiraka, yaani mistari kumi na tisa ya kuziba tundu katika programu ya kuandikia ambayo watu huitumia bure. Umeme ukikatika, programu hiyo ilikuwa ikipoteza ukurasa mzima. Kwa kiraka chake haupotei. Wanaoitunza ni watu wa kujitolea wasiojuana hata kwa sura. Mwenye marekebisho huyatuma kwa barua pepe, na yakikubaliwa, jina lake huingia katika kumbukumbu za programu na halifutiki. Mama yako mkubwa alipoelezwa alisema, "Kumbe naye alikuwa fundi wa viraka kama mimi!" Akaniomba jambo moja tu: alione jina hilo.

Kiraka alikiacha tayari katika kompyuta yake. Nikaamua kukituma mwenyewe.

Mara ya kwanza nilikiambatisha kama faili, nikatanguliza salamu na kumjulia hali msimamizi wa programu. Kilirudi: kiwekwe ndani ya barua, salamu ziondolewe. Mara ya pili kompyuta iliikata mistari mirefu na kula nafasi za mwanzoni. Msimamizi akajibu, bila hata habari gani, "Kimevunjika. Tuma upya." Nilikasirika, kisha nikajikumbuka. Miaka thelathini na minne nimewarudishia wanafunzi insha kwa sababu ya pambizo tu.

Mara ya tatu niliketi asubuhi nzima mezani pa kaka yako, nikafuata maelekezo neno kwa neno. Hapo ndipo nilipoharibu. Juu kabisa ya kiraka kaka yako alikuwa ameandika mstari mmoja: jina lake na anwani yake. Nikaona kwamba barua tayari ina jina la mtumaji, nalo ni langu. Barua haina watumaji wawili. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Nikaufuta.

Alhamisi kilikubaliwa. Nilimwita mama yako mkubwa, akavaa miwani, akafuatisha kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta mpaka mwisho wa mstari.

"Mbona hapa ni wewe?"

Nilimwandikia msimamizi palepale, naye safari hii alianza kwa salamu: "Pole sana, mzee wangu. Mstari ule wa juu ndio unaomtaja mwandishi. Kazi ikishaingia na wengine wakachukua nakala, hatuibadilishi tena."

Unakumbuka kaka yako alivyozoea kuniambia, "Baba, hiki nacho kiache kilivyo." Sikukiacha hata kimoja: si insha zake, si barua zake za kuomba kazi. Na hiki cha mwisho, ambacho hakikuwa na kosa lolote, nimekisahihisha naye hayupo wa kunizuia. Kazi ya mwanangu imeenda duniani kwa jina la mtu asiyejua kutunga hata mstari mmoja wa programu.

Msalimie mkwe wetu na wale mapacha. Shangazi yako akikupigia simu, mwambie dawa ya goti imefika. Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi yako na akurudishe kwetu salama.

Mama yako mkubwa ameomba kuongeza maneno yake hapa chini. Sitayagusa.

Nikupendaye kama niliyekuzaa,
Baba yako mkubwa.

Mwanangu hujambo. huyu mzee hali chakula, anashinda ameketi kwenye kile kiti cha kaka yako anaangalia tu kompyuta imezimwa. Mie nilishasamehe siku ileile ila nikimwambia hanisikii. Basi muandikie wewe, mwambie mtoto hakukasirika. Wewe mlikua pamoja, wewe atakusadiki.